Ngazi ya Babu Matofali

Babu Matofali, fundi mwashi aliyeanza masomo ya jioni akiwa na miaka hamsini na nane, alikuwa amebakiza mtihani mmoja apate cheti: kuchora nyumba ya ghorofa kwenye kompyuta. Alisali kimoyomoyo, akachagua programu ya toleo la msingi.

“Babu, hilo halina ngazi!” wenzake wakamcheka. “Toleo kamili linazichora lenyewe.”

“Ngazi ninazo kichwani, wanangu.”

Akachora kipandio kimoja kimoja, akiacha nafasi ya kichwa chini ya boriti, kama alivyozoea kazini.

Mwalimu akakagua michoro yote. “Ninyi, mtu akipanda ngazi zenu anajigonga kwenye boriti. Inayopitika ni ya Babu tu. Amefaulu!”

Babu akainua mikono juu. “Asante Mungu! Haya wanangu, sasa nifundisheni hilo kamili.”