Mbu wa Nyumba ya Gerson

Alasiri ile Alawi, muuza vitenge wa Igawa na mjumbe wa mtaa, alisimama na ndoo mbele ya geti la Gerson, akiwaeleza majirani jinsi atakavyomwaga maji yote mle ndani. Alipenda kueleza. Gerson alikuwa amehamia Mbeya mjini, kwenye baridi, akaacha nyumba tupu, simtanki la maji lisilo na kifuniko na matairi ya lori yaliyojaa maji ya mvua. Viluwiluwi vya mbu vilicheza humo kama watoto wa shule saa ya mapumziko.

Tatizo lilijulikana. Aliyeumwa na mbu wa nyumba ile alipata sauti ya Gerson, nzito na ya upole, kisha homa; homa ilipopoa, sauti ilibaki. Jirani yao Mbuke, muuza mchele, alimwita mwanawe kwa sauti hiyo. Mtoto akajibu "Shikamoo", akaendelea kuosha vyombo. Zahanati ilitoa dawa ya malaria. Ya sauti, muuguzi alisema, hawajaletewa.

Hotuba ya Alawi iliendelea mpaka jua likazama. Alipoingia hatimaye, mbu akamuuma shingoni. Akainama amwage maji ya tairi la kwanza, akajisikia akisema kwa sauti ya Gerson, "Hii ni mali ya mtu. Nitakuja Jumamosi." Akaona ni maneno ya busara. Akafunga geti vizuri, akarudi nyumbani na ndoo yake kavu.

Mkewe, Zuena, alimsikiliza akiomba chai, akasema kilichobadilika ni sauti tu, ahadi ni zilezile. Alawi alicheka mpaka homa ikampanda.

Yeye alipona. Mbuke hakupona.

Gerson alikuja msibani na gari, akakaribishwa kiti cha mbele. Mihayo, mume wa marehemu, alimwomba Alawi aseme lile neno ambalo mtaa mzima ulitaka lisemwe. Alawi alisimama akiwa amelipanga vizuri kichwani: simtanki, matairi, Mbuke. Akafungua kinywa.

"Tumeumia sana," ikatoka sauti nzito, ya upole. "Lakini mambo ni mengi, ndugu zangu, na Mbeya ni mbali. Nitakuja Jumamosi."

Waombolezaji wakaitikia, wengi wao kwa sauti hiyohiyo. Alawi akaketi, akatazama viatu vyake. Mihayo hakumlaumu, alimsogezea maji ya kunywa.

Gerson akasimama, akakung'uta suruali.

"Mjumbe amesema yote," akasema. "Mimi sina la kuongeza."