Sikio la Sajenti

Shemeji yangu Masanja alipokuja kuniambia kwamba mamba wa mtoni amemla Sajenti, alilia. Nataka mjue hilo kwanza. Alikaa kwenye kigoda changu, akala ugali wangu, akafuta machozi kwa kiganja. Sajenti alikuwa maksai wangu wa plau, aliyetoka kwenye mahari ya binti yangu Kristina. Nilimfunga nira moja na maksai wa jirani, na tangu mume wangu afariki, ndiye aliyenilisha. Masanja alimwazima kwangu kwa siku chache, akarudi na machozi badala ya ng'ombe.

Msimu ule nililima kwa jembe la mkono. Nusu ya shamba ilibaki majani, na hapa Namawala shamba lililolala hupewa mwingine. Viongozi wa kijiji waliniambia wazi: mwaka ujao usipolima lote, tunaligawa.

Miezi hiyohiyo Masanja alimwozesha mwanawe wa kiume kule Mlimba. Sikwenda, mgongo ulikuwa unaniuma. Arusi ilipigwa video, na Masanja kwa majivuno yake akampa nakala Fulgensi, yule Mpogoro mwenye banda la video karibu na soko la Ifakara, aionyeshe kabla ya picha za karate. Siku moja ya soko nikaingia nikae kivulini. Kwenye televisheni ya Fulgensi ng'ombe wa mahari walikuwa mabaka tu, huwezi kujua pembe ni ipi na mkia ni upi. Lakini baka moja lilitembea limeinamisha kichwa kushoto, mwendo wa maksai aliyevuta upande uleule wa nira miaka yote. Nilimjua kabla hajafika katikati ya kioo.

Mimi sikuhitaji picha safi. Wazee wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi wanaoamua kesi za wizi, ndio waliihitaji. Kwetu Wasukuma ng'ombe hutambulika kwa sikio, kila ukoo una mkato wake. Wa Masanja wana tundu. Sajenti, kwa kuwa alitoka kwa wakwe, alikuwa na sikio lililopasuliwa ncha. Kwenye banda lile sikio lenyewe halikuonekana, sembuse mkato.

Nikamuuliza Fulgensi kama televisheni kubwa ingesaidia. Nilisikia Masanja ameagiza moja Dar, anatamba kwamba utahesabu hadi manyoya.

"Mama Kristina, TV haiongezi kitu ambacho mkanda hauna," alisema. "Huu ni nakala ya nakala. Ukiuweka kwenye TV kubwa utapata ukungu mkubwa, basi. Picha iko kwenye mkanda wa kwanza, na huo Masanja kaufungia kwenye sanduku usichakae."

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima.

Televisheni ilipofika, Masanja aliwaita wazee Jumapili mchana, na mwenyekiti wa sungusungu akakalishwa kwenye kochi. Jenereta likaungurumishwa nyuma ya nyumba. Kama nilivyotarajia, aliweka nakala. Nikasogeza kigoda mbele, nikakunja uso.

"Shemeji, kumbe ni ileile ya Fulgensi. Imenenepa tu."

Wazee wakaangua kicheko. Shemeji na shemeji ni watani, hakuwa na haki ya kukasirika, na hilo lilimchoma zaidi.

"Macho yako yamezeeka, Kija!"

"Labda. Au umeuziwa sanduku tupu."

Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na mkanda wa kwanza. Sitasema uongo: ilikuwa picha safi. Tope kwenye kwato lilionekana. Bi arusi, Happyness, alionekana anavyocheka wakati ng'ombe wakiingia uani kwao, hadi mwanya wake.

"Sasa unaona?" Masanja alifoka.

"Bado, shemeji. Sikio la yule aliyeinamisha kichwa silioni. Simamisha."

Alibonyeza rimoti kwa kidole chake mwenyewe. Picha ikasimama, ikitetemeka kidogo.

"Lione hilo! Limepasuliwa ncha, hata kipofu..."

Mwenyekiti aliinuka kwenye kochi, akasogea hadi kwenye kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Masanja," alisema, "huyu ni ng'ombe wa ukoo gani?"

Nilimtazama shemeji yangu akitokwa na jasho, nikaona utamu ambao sijawahi kuupata kwenye asali.

Wazee walimwamuru anipe maksai wawili kutoka zizini kwake. Shamba lingelimwa lote, tena kwa raha. Nilikataa. Nilisema namtaka Sajenti, na Masanja amfuate mwenyewe. Nilitaka apande treni, asimame mbele ya wakwe wa mwanawe, afungue kamba ya mahari kwa mkono wake na aseme kwa nini. Wazee walinisihi. Walisema ng'ombe wa mahari akirudishwa kwa wizi, anayetukanwa ni mke. Nilijua. Nikasema Sajenti au hakuna.

Akaenda. Wakwe walimpa Sajenti, wakamrudishia na wengine wote, na wakatuma neno: binti yetu arudi nyumbani.

Siku anaondoka nilikuwa nalima. Happyness alipita kando ya jaruba na mzigo kichwani, akielekea stesheni. Msimu ule wa jembe, yeye peke yake katika boma la Masanja ndiye aliyekuja kunisaidia kupalilia, bila kutumwa na mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alimtazama Sajenti. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Siku ile nilifurahi sana walipoingia," alisema. "Nilijua nimeheshimiwa."

Hasira yangu yote ilikuwa ya Masanja, na Masanja hakuwepo pale. Msichana alingoja kidogo, kisha akashika njia. Nikampiga Sajenti fimbo isiyo na sababu, tukaendelea kulima.