Pindo la Vidole Vinne

Wateja walimwita fundi wao Vidole Vinne, na si kwamba mkono wake ulikuwa na kasoro. Vidole vyake vilikuwa kumi kamili. Jina lilitokana na sare za shule alizoshona, maana kila gauni na kila suruali ilitoka kwenye cherehani yake ikiwa na pindo la ndani la upana wa vidole vinne, ili mtoto akirefuka mzazi afumue, ashushe, maisha yaendelee. Wazazi walimpenda kufa. Watoto walimnunia, kwani nani anataka kutembea na pindo zito linalompigapiga magoti siku nzima? Hata mashati yake mwenyewe aliyashona hivyo hivyo, mtu mzima wa miaka arobaini, na mkewe hakuchoka kumuuliza kama bado anategemea kurefuka.

Sasa asubuhi moja, muuguzi wa wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba uzito wa binti yake umefika na kesho yeye na mama yake wanarudi nyumbani. Fundi akaitikia kwa kichwa. Akatoka, akatembea mpaka dukani kwake, na alipofika hakukumbuka amepita njia gani. Miguu ilikuwa yake, lakini barabara ilikuwa ya mtu mwingine.

Nyumbani hakukuwa na kitu, na sikufichi, haukuwa uzembe. Miaka mitatu nyuma waliandaa kila kitu: kitanda, pazia jipya, magauni saba yenye mapindo mazuri, na yule mtoto wa kwanza hakurudi nao. Fundi mwenyewe ndiye aliyeyakunja magauni yale akayatia mfukoni, dada yake akauchukua mfuko, na hakuna aliyeuliza ulikwenda wapi. Kwa hiyo safari hii mume na mke walikubaliana hakinunuliwi hata kitambaa mpaka wodini waseme. Na jana yake jioni mkewe, mtoto amemlalia kifuani, alimuuliza swali moja tu.

"Wewe unaamini huyu atakaa?"

Akajibu ndiyo. Alijibu upesi mno, na wote wawili waliusikia huo upesi.

Basi akachukua chaki ya kukatia akaanza kuandika orodha juu ya meza ya kazi. Hajafika mbali, dada yake mkubwa akaingia, yule ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, akiwa na orodha yake aliyoiandika nyuma ya karatasi ya kalenda. Alikuwa ameandika poda, manukato, viatu, kigari cha kusukuma na mdoli anayelia. Fundi akamwambia muuguzi amekataza poda na manukato, na viatu mtoto atavivaa aende wapi? Dada akanuna kidogo, kisha akakata mwenyewe kwa kalamu, kimoja kimoja, huku akiguna. Zikabaki nepi za kitambaa, beseni la mtoto peke yake, sabuni isiyo na harufu, blanketi mbili, kofia, soksi na kipimajoto. Juu kabisa, kwenye meza, fundi alikuwa ameandika "kifua". Dada akauliza hicho nacho kinauzwa wapi. Fundi akamweleza kuwa muuguzi amesema mtoto mdogo namna hii hupata joto ngozi kwa ngozi, na kifua cha baba kinafaa sawasawa na cha mama. Dada akamtazama mdogo wake kuanzia mabegani hadi mkandani, akasema maskini mtoto, atalalia mbavu tupu. Akachukua kapu lake akaenda sokoni.

Duka likatulia. Ilikuwa ile saa ya mchana jua linapoingia kwa dirisha la pembeni, na vumbi la pamba linaelea tu hewani, halina haraka ya kutua. Fundi akatandaza kitambaa cha flaneli nyeupe, laini mpaka vidole vilisahau vimeshika nini. Akakata mikono ya gauni dogo, akakata kifua chake, akateremka. Mkasi ukafika pale ambapo, kwa miaka ishirini, mkono wake husogea vidole vinne chini kabla ya kukata. Mkono haukusogea. Ukakata pale pale.

Aliliona hilo. Akajiambia kwamba mtoto wa kilo mbili na kidogo hawezi kubebeshwa pindo. Akashona ukingo mwembamba, akapiga pasi, na mvuke ulipopanda macho yakawa mazito. Hakulala, wala hakuwa macho. Mlangoni alisimama msichana amempa mgongo, gauni limempanda juu ya magoti, akasema kwa adabu, baba, nishushie. Fundi akapiga magoti, akashika ukingo ili afumue, hapakuwa na cha kufumua. Msichana akazidi kurefuka polepole, kichwa kikaukaribia ubao wa juu wa mlango, na bado alikuwa anangoja, hana hasira, hageuki. Fundi alitamani sana ageuke amwone uso. Pasi ikalia tsss, akazinduka, akalikunja gauni akalitia mfukoni.

Kesho yake asubuhi wodini, mkewe alipokea gauni, akalinusa, akatabasamu. Kisha vidole vyake, vidole vya mke wa fundi, vikaenda vyenyewe kwenye ukingo. Akaugeuza ndani nje.

"Hili halina pindo."

Fundi akaanza habari za uzito na ngozi laini. Mkewe akamwacha amalize.

"Watoto wa watu wote unawashonea nguo za kukulia," akasema. "Wa kwetu umemshonea ya leo."

Muuguzi alikuwa mlangoni na shuka safi mkononi, anangoja kitanda. Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda hicho hicho.

"Naogopa," akasema.

"Hata mimi naogopa. Lakini usiniache niogope peke yangu halafu unaniambia ndiyo."

Mkewe akamrudisha mtoto kifuani, akamfunika blanketi. Fundi akalichukua gauni akaliweka pajani. Kisha akachomoa shati lake kutoka kwenye suruali, akatoa sindano yenye uzi anayoichomeka chini ya kola siku zote, akafumua lile pindo la shati alilochekwa nalo miaka yote, akalikata lote kwa mkasi mdogo wa nyuzi. Shati likabaki na ukingo mbichi, nyuzi zinaning'inia. Muuguzi aliona, akaenda kutandika kitanda kingine kwanza.

Akaunganisha kile kitambaa cha buluu cha shati kwenye flaneli nyeupe, mshono mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya kukunja ndani, akalaza vidole vyake vinne juu ya kitambaa kupima.

Mkewe akanyoosha mkono kutoka chini ya blanketi, akalaza kidole chake kidogo kando ya vile vinne.

"Ongeza na hiki," akasema.

Fundi akasogeza sindano chini kidogo, akaanza kushona.