Mfuniko Mmoja, Mashimo Saba

Nakutegea wewe unayenisikiliza, na usijibu kwa pupa: mfuniko mmoja umeziba mashimo saba, na yote saba yako wazi. Ni nini hicho? Umeshindwa? Mji wako sitaki, kaa tu nikusimulie.

Palikuwa na fundi wa mitaro wa manispaa. Zamani, mtu akitaka mtaro wake utazamwe alipeleka barua, akaambiwa njoo kesho, na kesho haina mwisho. Kisha manispaa ikaleta mambo ya simu. Unatuma ujumbe, shimo lako linatokea kama kidoa chekundu kwenye ramani ya ofisini. Fundi akishatengeneza, anapiga picha palepale, kidoa kinageuka kijani. Na mambo yalinyooka, tusiseme uongo. Vidoa vya fundi huyu havikumaliza siku tatu bila kugeuka, ndiyo maana wenzake wakamwita Kijani, na picha yake ikabandikwa mlangoni kwa mkurugenzi.

Sasa, wiki moja mifuniko ikaisha stoo. Garini umebaki mmoja, tena wenye ufa. Mashimo saba yanangoja, na ramani haijui habari za stoo. Kijani akauweka mfuniko kwenye shimo la kwanza, akapiga picha, akauinua, akaenda la pili.

"Mingine ikija nitarudi," alimwambia dereva.

"Bosi, hiyo ni suti ya studio," dereva akacheka. "Kila mtu anaivaa kupigia picha."

Shimo la tano lilikuwa mbele ya mlango wa shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki. Hapo aliinama harakaharaka, akiomba shangazi asichungulie dirishani.

Siku ya nne akapata habari: shangazi kavunjika mguu. Alimkuta sebuleni, mguu wenye plasta umelazwa juu ya stuli.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone, nimeota gamba la kobe, mguu mmoja tu."

"Ilikuwaje?"

"Lile shimo la nje nililitolea taarifa mimi. Ukaja ujumbe kwamba limefunikwa. Nikasema, manispaa ya siku hizi si mchezo. Asubuhi nikabeba beseni langu la nguo, nikapita natazama mbele kama bibi harusi." Akampa simu yake ya kitochi. "Na bado wananiuliza kila siku. Hebu ona."

Kijani akasoma: *Je, tatizo lako limetatuliwa? Jibu 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana.*

"Mbona hujajibu?"

"Nitajibuje? Majirani wananiambia nibonyeze mbili. Mimi nasema ni wezi wa vyuma. Nikibonyeza mbili, si nitamchongea mtoto wa watu aliyefanya kazi yake? Wewe ni wa hukohuko. Lilifunikwa, halikufunikwa?"

Kijani akauliza kama dawa za maumivu zipo. Akaenda kutazama bomba la jikoni, ambalo halikuwa na ugonjwa wowote. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ilikuwa imeshapasuka pale nje, na aliyemezwa si yeye.

Aliporudi, simu bado ilikuwa kwenye kiganja chake. Alijua mambo yalivyo. Moja ikienda, yamekwisha. Mbili ikienda, mkaguzi atafungua picha zake, aone mfuniko uleule na ufa uleule mara saba, na kazi ndiyo basi.

"Huyo fundi ukikutana naye," shangazi alisema, akijisogeza kwenye kiti kwa maumivu, "mwambie simlaumu. Na yeye ana mama yake."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Akabonyeza mbili, akatuma. Akaiweka simu mapajani kwa shangazi, macho yake yako kwenye plasta, hayathubutu kupanda juu.

"Halikufunikwa, shangazi," alisema. "Nililipiga picha tu."