Maji ya Samaki

Nilichovya kidole kwenye dumu, nikalamba, nikatema. Yalikuwa maji ya chumvi, ndiyo, lakini hayakuwa ya bahari. Maji ya bahari yana uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Mtu aliyekulia Mtwara hadanganywi. Haya yalikuwa ya chumvi ya jikoni, na chini yake palikuwa na tope jekundu.

Saa sita mchana, samaki wangu alikuwa bado amejifukia mchangani ndani ya tangi la kioo. Ni samaki mdogo wa matumbawe, wa kijani mwenye michirizi ya waridi. Desturi yake ni kuingia mchangani jua likizama na kutoka asubuhi. Sasa wiki mbili alikuwa akichelewa kutoka, na siku hiyo hakutoka kabisa.

Nilipokubali kuolewa na Nikolao na kuhamia Newala kufundisha, nilimwambia kitakachonishinda ni kuikosa bahari.

"Nitakuletea," alisema.

Akaunganisha vioo vya tangi kwa mikono yake. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, alipakia madumu sita kwenye pikapu kwenda Mtwara, akarudi Jumapili. Majirani walinicheka: watu wanapanga foleni kupata ndoo moja, Mwalimu Claudia analetewa kwa gari maji yasiyonyweka! Nami nilicheka nao, nikijidai. Hatukujaliwa mtoto. Nilikuwa na mume anayeniletea bahari, nikaona inatosha.

Nikaligeuza lile dumu. Ubavuni liliandikwa kwa rangi ya kucha: MAMA STELLA, KITANGARI. Huku kila dumu lina jina, lisije likapotelea bombani. Yetu yameandikwa MWALIMU.

Jioni, Nikolao alipokuwa akinawa mikono ale, nilimuuliza, "Bahari ilikuwaje?"

"Imetulia mno. Ungefurahi."

Ungefurahi! Neno hilo liliniuma kuliko uongo wenyewe.

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi Kitangari, dumu tupu mapajani. Bombani nilimkuta mama mmoja mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Namtafuta mwenye dumu hili."

Alilitazama, akatabasamu. "Hili la kwa Baba Stella, yule wa pikapu nyeupe. Mwanamume anajua kutunza watu wake, yule! Na mtoto ni yeye mtupu."

Nililiweka dumu kwenye foleni, nyuma ya mengine, nikageuka. Sikulia. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliniuma.

Jumanne nilifukua mchanga wa tangi kwa kijiko. Samaki alikuwa amekufa, rangi zake zimefifia. Nilimzika chini ya mkorosho, nikanyamaza. Siku zote hizo Nikolao hakusogea karibu na tangi kutazama.

Jumamosi ya safari ilipofika, alianza kukusanya madumu uani.

"Usihangaike," nilimwambia. "Samaki alikufa."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Claudia! Miaka mitatu tunamlea, anakufa huniambii?" Aliumia kweli, niliona usoni.

"Stella ana miaka mingapi?"

Dumu alilolishika lilikuwa tupu, lakini aliliweka chini kwa mikono miwili.

"Miwili," alisema.