Hewa ya Wizi

Gari lilisimama mbele ya kibanda cha fundi Davlatbek, gia huru, hakuna aliyekanyaga mafuta, na injini inavuma kama inapanda mlima. Tangu alfajiri ilikuwa imechemsha maji mara mbili. Kwenye kiti cha nyuma alilala Mama Oyimo, amevimba uso na miguu. Figo zake hazifanyi kazi. Mashine ya kumsafisha damu iko jijini Dushanbe, ng'ambo ya mlima, na zamu ya juzi ilimpita kwa sababu ya theluji. Akiikosa ya leo, basi.

"Fundi, umefika wapi?" aliuliza Nusratullo, mwanawe.

"Hapa hapa uliponiacha. Niondolee kivuli chako."

Waya wa mafuta haukuwa umenasa. Plagi zilikuwa safi. "Kuna mahali inavuta hewa ya wizi, isiyopita njia yake," alisema Davlatbek. "Mahali gani, sijui."

Gulchehra, dada yake Nusratullo, akaja na kikaango cha makaa. Juu yake mbegu za ispandi, za kufukuza kijicho, zilipasuka na kufuka moshi. Akaanza kulizunguka gari.

"Dada, gari halijapatwa na kijicho, lina tundu. Toa moshi wako."

"Umelishika tangu asubuhi, umelitoa nini? Niache nimfukizie mama yangu."

Akapitisha kikaango juu ya injini, makusudi. Moshi ukachukuliwa na upepo, ila uzi mmoja ukajikunja, ukashuka nyuma ya injini, ukapotea. Davlatbek akamdaka mkono.

"Simama hapo hapo! Usitikisike!"

Akaingiza vidole kule moshi ulikoingia, akaubana mpira mmoja. Mvumo wa injini ukashuka, ukatulia. Ndipo wote watatu wakasikia Mama Oyimo anavyohema: pumzi fupi, zenye maji ndani.

"Ni mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye breki," alisema fundi. "Ndio unaousaidia mguu wako kukanyaga."

"Badilisha!"

"Kwa upi? Duka liko huko huko Dushanbe. Na huu umeoza, ukiushika unameguka. Naweza kuung'oa na kuziba tundu lake kwenye injini. Itatulia. Lakini breki zitakuwa ngumu kama jiwe, mteremko wote ule."

Nusratullo alitazama mguu wake wa kulia, uliovunjika kwenye ujenzi huko Urusi na kuungwa vibaya. Nyuma, mama yake alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena.

"Ziba."

Davlatbek akaziba kwa bolti na kikazio, akafunga boneti, akafungua mlango wa dereva.

"Sogea."

"Fundi, una kazi zako…"

"Una mguu mmoja na nusu. Sogea, mama yako hana muda wa adabu zako."

Walipovuka kilele, kona ya kwanza ikawajia upesi. Davlatbek akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, mgongo umeinuka kwenye kiti. Gari likakataa. Likakataa. Kisha likapunguza, matairi yakipita shubiri moja tu kutoka kwenye ukingo.

Gulchehra akafumbua macho. "Zimebaki kona ngapi?"

"Mshike mama yako," alisema fundi. "Usihesabu."