Lugha ya Chumba cha Pasi

Vitambaa vya meza tisa viliungua Jumanne kabla ya saa sita mchana, na saa nane Shangazi akaitwa ofisini kwa Meneja ili afukuzwe kazi. Mimi niliitwa kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa mashine.

Chumba chetu cha pasi kiko nyuma ya hoteli, ukuta mmoja na jiko. Mashine yenyewe ni rola, pana kuliko kitanda cha watu wawili. Shangazi huingiza vitambaa vibichi upande wake, mimi navipokea vimenyooka upande wangu na kuvikunja. Joto hupandishwa na kushushwa kwenye kisanduku cha ukutani chenye kufuli, na ufunguo anao Msimamizi peke yake. Kuisimamisha rola nako ni kwa ufunguo huohuo. Sisi haturuhusiwi hata kukiegemea kile kisanduku.

Tukiwa kazini tunasema kinyume. Kila neno tunalikata mkia na mkia tunauweka mbele: maji yanakuwa jima, nguo inakuwa ongu. Wanawake wa chumba cha pasi walianza mchezo huo kabla yangu, maana kila walilosema lilikuwa linafika ofisini kabla ya saa ya chai. Shangazi, dada yake baba, alinifundisha siku yangu ya kwanza, hata choo hajanionyesha. Mimi mbele za watu maneno hunikauka kooni, ndiyo sababu wenzangu wananiita Bubu. Lakini kwa kinyume ulimi wangu ni mwepesi, sijui kwa nini.

Meneja ni mgeni na Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Siku moja alipita, akatusikia, akamuuliza Msimamizi tunasema lugha gani. Msimamizi hakujua, naye si mtu wa kukubali kwamba hajui. Akamjibu kwa neno moja: jiberishi. Kesho yake tangazo likabandikwa mlangoni kwamba atakayesema jiberishi kazini atakuwa amejifukuza mwenyewe.

Nilimuuliza binamu yangu anayesoma sekondari. Akaniambia ni maneno yasiyo na maana, na kwamba Waingereza wanayo majina mengi ya kitu hicho: mambojambo, gobodiguku, boldadashi, popikoki. Tulicheka mpaka mama akatugombeza. Nilipolala ndipo nikawaza kwamba hata sisi tuna porojo, tuna payo, tuna upuuzi. Yote yanamlaumu anayesema. La kumlaumu asiyesikiliza sikulipata.

Sasa hiyo Jumanne kulikuwa na wageni wa mkutano jioni, na Msimamizi alitaka tumalize mapema. Alifungua kisanduku, akapandisha joto, akafunga, akaenda zake jikoni kunywa chai. Shangazi aliona mshale umefika kwenye alama nyekundu. Akanipigia kelele juu ya mashine:

"Tomo diumezi. Seusigu."

Moto umezidi, usiguse. Alihofia vidole vyangu. Fundi wa umeme alikuwa amesimama pale mlangoni, swichi kubwa ya umeme, ambayo ni yeye tu anayeruhusiwa kuizima, iko sawa na bega lake. Shangazi angesema wazi, fundi angeizima papo hapo. Alichosikia yeye ni wanawake wakipiga soga zao, akatabasamu, akaondoka. Vitambaa vyote vilivyokuwa tumboni mwa mashine vikatoka na rangi ya chai. Tulimkimbilia Msimamizi jikoni, lakini tulikuwa tumechelewa.

Ofisini, Msimamizi alikuwa amesimama kando ya Meneja, kwa sababu yeye ndiye mkalimani wetu. Alikuwa amekwisha kueleza kwamba Shangazi alichezea kisanduku, kisha akaniambia kwa jiberishi ninyamaze. Karani wa mapokezi alikuwa karibu na mlango na barua mkononi, ndiye aliyeipiga chapa. Ilikuwa imebaki sahihi ya Meneja tu. Shangazi ana miaka kumi na tisa pale, na mshahara huo ndio unaotulisha sisi watu sita.

Msimamizi akaniambia Meneja anataka kujua shangazi yangu alisema nini. Nikaeleza yote, nikiitazama mikono yangu: nani alipandisha joto, ufunguo anao nani, na kwamba Shangazi alinionya nisiungue, fundi wa umeme akiwa mlangoni. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

Msimamizi akageuza kwa Kiingereza. Maneno yangu yote yale yakawa mafupi kama kipande cha chaki, na katikati yake nikasikia lile neno, jiberishi. Meneja akapumua, akachukua kalamu.

Nikamtazama Karani. Yeye hakunitazama. Alikuwa ameing'ang'ania ile barua mpaka imejikunja pembeni, na hapo nikaelewa kwamba amesikia lugha zote mbili.

"Dada," nikamwambia, "ndivyo nilivyosema?"

"Leo Bubu kapata mdomo," Msimamizi akasema huku akicheka. "Hebu nyamaza, mtoto."

"Namuuliza dada."

Kalamu ya Meneja ilikuwa imekwisha kugusa meza. Karani akaiweka barua mezani, lakini kiganja chake kikabaki juu yake. Ana bosi wake naye, ana kibarua chake naye, na nilijua ninamwomba kitu kikubwa.

"Sivyo," akasema. Kisha akamgeukia Meneja akasema Kiingereza, polepole, kwa muda mrefu. Msimamizi akamkatiza, sauti ikapanda. Meneja akainua kiganja, wote wakanyamaza.

Karani akatueleza kwamba Meneja haamini kama kelele zile zina maana. Atampima Shangazi: aniagize jambo kwa kinyume, nami nilitende bila kuambiwa kwa Kiswahili. Nikisikia tofauti, barua inatiwa sahihi. Basi nikaambiwa nigeukie ukuta. Nyuma yangu Meneja akamnong'oneza Karani, Karani akamnong'oneza Shangazi. Nilisikia Shangazi anashusha pumzi.

"Avu tukia jakimo," akasema. "Keukiwe uju ya zame."

Nikabaki nimesimama. Niliyasikia sawasawa, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilitamani niwe nimekosea. Nilirudia moyoni neno moja moja, mara mbili. Msimamizi akakohoa, na nikajua kikohozi hicho kina furaha.

Nikainama. Nikavua kiatu cha kulia, kimelowa maji ya sabuni na soli yake imeachia mdomo, nikakibeba kwa mikono miwili, nikakiweka juu ya meza ya Meneja, katikati ya karatasi zake.

Maji yalichuruzika kuielekea ile barua, Karani akaivuta.

Meneja alikitazama kiatu, kisha akanitazama mimi. Halafu akauliza kwa nini Shangazi hakusema wazi mbele ya fundi. Nilidhani Shangazi atajitetea kwamba ilikuwa haraka, au ni mazoea tu. Hakufanya hivyo.

"Hapo nilikosa," akamwambia Karani. "Mwambie nimekosa. Ila aliyesema wazi kabla yangu kwamba joto limezidi alifukuzwa kwa kujibizana na mkubwa. Mimi ndiye niliyepewa rola yake."

Karani akatafsiri. Meneja akamnyooshea Msimamizi kiganja kitupu. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye mkanda wake wa suruali kwa kamba, na fundo likamkatalia. Alihangaika nalo, sisi sote tukimwangalia, hadi Karani akampa mkasi.

Barua haikuchanwa. Meneja aliiweka ndani ya droo, akasema kesho atamsikiliza fundi wa umeme na kila mwanamke wa chumba cha pasi, na Karani ndiye atakayetafsiri. Leo turudi kazini, wageni wa mkutano wanakuja.

Tulitoka. Nilikuwa nimefika nusu ya ukumbi ndipo nilipohisi sakafu ya baridi chini ya mguu mmoja. Nilisimama. Kurudi kugonga mlango ule niliona ni kazi kubwa kuliko yote ya siku hiyo.

Shangazi alikuwa anajifuta macho kwa pindo la aproni.

"Kafuate kiatu chako, mwanangu," akasema. "Na ubishe hodi kwa sauti."